Neno la Baraza na Karatasi ya Karani: Historia ya Kumbukumbu za Mashauri katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

1. Utangulizi

Fungurume ni mji wa reli na migodi katika wilaya ya Lubudi, mkoa wa Lualaba, kati ya Likasi na Kolwezi. Mkazi wa mji huo anayeshitakiwa au anayedai haki yake mahakamani aghalabu husema maneno yake kwa Kiswahili, tena kile Kiswahili cha Katanga kinachosikika sokoni, kanisani na mgodini. Maneno hayo yakifika mezani kwa karani hugeuka kuwa Kifaransa. Siku mwenye shauri atakapoomba nakala ya mwenendo wa shauri lake, karatasi atakayopewa itakuwa na jina lake, umri wake na pengine alama ya kidole chake, lakini huenda isiwe na neno lake hata moja.

Makala haya yanachunguza jinsi hali hiyo ilivyojengeka tangu amri ya kikoloni ya mwaka 1926 hadi sheria zinazotumika leo. Hoja yake kuu ni kwamba ugumu wa kupata kumbukumbu za mashauri hautokani na ada wala umbali peke yake. Tangu mwanzo kumbukumbu hizo ziliandikwa kwa ajili ya msimamizi wa mahakama, si kwa ajili ya wenye shauri, na mazoea hayo yamedumu hata baada ya msimamizi wa kwanza kuondoka.

Yafaa aina tatu za maandishi zitofautishwe kwanza. Kuna hati ya mahojiano, inayoandikwa na polisi au mwendesha mashitaka kabla ya shauri kusikilizwa. Katika miji ya Kongo huitwa kwa herufi mbili tu za Kifaransa, PV. Kuna karatasi ya kikao, ambayo karani huandika ndani yake yaliyotendeka na kusemwa mbele ya hakimu. Mwisho kuna hukumu yenyewe. Mtu anayesema kwamba anataka "karatasi za shauri" huweza kuwa anataka mojawapo ya hizo au zote tatu, na njia ya kuzipata si moja.

2. Baraza lisilo na karatasi

Bunkeya, makao makuu ya Msiri, imo katika wilaya hiyohiyo ya Lubudi. Msiri alikuwa mtu wa asili ya Unyamwezi aliyejenga dola lililovuta wafanyabiashara kutoka pwani zote mbili za Afrika, na mmisionari Frederick Stanley Arnot alipofika huko mwaka 1886 alikuta mji mkubwa wenye mtawala aliyeamua mashauri mwenyewe. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, msafara wa Kapteni Stairs ulipokuwa Bunkeya, na nchi ikaingia chini ya Dola Huru ya Kongo.

Katika baraza la namna hiyo kumbukumbu ya shauri ilikuwa ni watu. Wazee waliohudhuria ndio waliokuwa daftari. Aliyetaka kuthibitisha uamuzi wa zamani alimwita aliyekuwapo, naye akaeleza nani alidai nini, nani alikiri, na mbuzi wangapi walitolewa. Mfumo huo ulikuwa na udhaifu wake: mzee alikufa, mwingine alisahau, mwingine aliegemea upande wa nduguye. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja isiyopaswa kupuuzwa. Aliyesikia kumbukumbu ikitolewa aliielewa, na aliweza kusimama papo hapo na kusema, "Sivyo nilivyosema." Uwezo huo wa kuikanusha kumbukumbu ndio kipimo kinachotumiwa katika sehemu zote zinazofuata.

3. Daftari la msimamizi

Tarehe 15 Aprili 1926 serikali ya Ubelgiji ilitoa amri iliyopanga mahakama za wenyeji katika Kongo. Mahakama za machifu na za sekta zilitambuliwa rasmi. Juu yake iliwekwa mahakama ya wilaya, iliyokuwa chini ya mtawala wa Kizungu. Na ofisi ya mwendesha mashitaka ikapewa uwezo wa kupitia hukumu na kuzitengua. Chifu na wazee wake waliendelea kuamua kwa mila, mradi mila hizo zisipingane na sheria za koloni.

Badiliko kubwa halikuwa katika mila bali katika kalamu. Mahakama iliyosimamiwa ililazimika kuacha alama ya kazi yake, na alama hiyo ilikuwa daftari: majina ya pande mbili, jambo lililodaiwa, muhtasari wa maelezo, uamuzi, na gharama zilizolipwa. Daftari hili lilikuwa na msomaji wake mahususi. Mtawala alipopita katika ziara yake alilifungua ili aone kama chifu amevuka mpaka wa mamlaka yake, kama faini zimeingizwa katika hazina, na kama adhabu ni halali. Mwenye shauri alijulishwa uamuzi kwa mdomo, kama ilivyokuwa zamani. Karatasi ilikwenda juu, neno likabaki chini.

Wakati huohuo jamii ya ukanda wa shaba ilikuwa inabadilika upesi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Wafanyakazi walitoka kila upande, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi na mji. Amri ya tarehe 23 Novemba 1931 iliruhusu kuundwa kwa vituo vya mijini vilivyokuwa nje ya utawala wa machifu, navyo vikawa na mahakama zake. Mle ndani Mluba, Mbemba, Msanga na Mlunda walishitakiana kuhusu mahari, madeni na watoto. Kwa kuwa hawakuwa na lugha moja ya mama, Kiswahili ndicho kilichowakutanisha.

Hukumu za mahakama hizo hazikupotea zote. Kuanzia mwaka 1933 Chama cha Uchunguzi wa Sheria cha Katanga kilichapisha mjini Elisabethville jarida la mahakama za wenyeji na sheria za mila za Kongo. Miongoni mwa majina makubwa ya harakati hiyo ni Antoine Sohier, mwanasheria aliyekuwa mkuu wa waendesha mashitaka huko Elisabethville na aliyeandika baadaye kitabu cha misingi ya sheria za mila za Kongo ya Kibelgiji. Jarida hilo ni hazina kwa mwanahistoria. Lakini ni hazina iliyoandikwa kwa Kifaransa, kwa ajili ya mahakimu na watawala. Ugomvi wa mume na mke uliosemwa barazani kwa Kiswahili au kwa Kisanga uliweza kusomwa na mwanasheria aliyekaa mbali sana na Katanga, wakati wale waliougombana hawakuweza kuusoma. Hapa ndipo inapoonekana wazi kwamba kuhifadhiwa kwa kumbukumbu ni jambo moja, na kupatikana kwake kwa mwenyewe ni jambo jingine.

4. Uhuru na mahakama za amani

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Sheria mbili zinazoongoza mwenendo wa mashauri zilikuwa zimetolewa muda mfupi kabla ya siku hiyo: ile ya mwenendo wa jinai tarehe 6 Agosti 1959, na ile ya mwenendo wa madai tarehe 7 Machi 1960. Zote mbili zimerekebishwa mara kadhaa, lakini ndizo zilizobaki kuwa msingi. Kwa hiyo dola jipya lilirithi pamoja na majengo namna ya kuandika.

Hatua ya kuunganisha mahakama za aina mbili, za wenyeji na za sheria iliyoandikwa, ilianza kwa sheria ya tarehe 10 Julai 1968, iliyokusudia kuweka mahakama za amani mahali pa mahakama za mila. Sheria ya tarehe 31 Machi 1982, na baadaye ile ya tarehe 11 Aprili 2013, ziliendeleza mpango huo. Lakini mahakama ya amani inahitaji hakimu, karani, jengo na kabati la majalada. Na mahali ambapo haikuwekwa, mahakama ya mila iliendelea. Hivyo kwa miaka mingi daftari la chifu na jalada la hakimu viliishi pamoja katika nchi moja.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imetoa ahadi zilizo wazi. Ibara ya 20 inasema vikao vya mahakama ni vya hadhara, isipokuwa pale ambapo uwazi ungehatarisha amani au maadili. Ibara ya 21 inataka kila hukumu iandikwe, itolewe sababu, na isomwe hadharani. Ibara ya 18 inataka mtu aliyekamatwa aelezwe sababu na mashitaka katika lugha anayoielewa. Nchi hiyo, ilipoitwa Zaire, ilikuwa imekwisha kujiunga mwaka 1976 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa, ambao ibara yake ya 14 inampa mshitakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Wakati huohuo ibara ya 1 ya Katiba inakifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi, na kukitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Kwa ufupi, sheria inamlinda mtu asikilizwe na aelezwe kwa lugha yake, lakini haisemi kwamba maneno yake yaandikwe kwa lugha hiyo.

Umuhimu wa jambo hili huonekana zaidi katika mashauri ya ardhi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na kuacha haki za watu juu ya ardhi za mila zipangwe kwa agizo la rais ambalo halikutolewa. Fungurume ilikwisha kuguswa na migodi kabla ya hapo: kampuni ya madini ya Tenke-Fungurume iliundwa mwaka 1970 na kuiacha kazi mwaka 1976, uzalishaji mkubwa ulianza mwaka 2009 chini ya wenye mali wapya. Mgodi unapopanuka, mashamba hupimwa na fidia huhesabiwa. Mtu asiye na hati ya ardhi anatakiwa kuonyesha kwa njia nyingine kwamba yeye na wazee wake walilima pale. Ikiwa babu yake aliwahi kugombania mpaka wa shamba mbele ya chifu, ukurasa wa daftari la baraza huweza kuwa maandishi pekee yanayolitaja jina la babu huyo pamoja na shamba lake. Karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya mtawala wa mwaka 1940 ghafla inahitajiwa na mjukuu.

5. Njia ya kuipata nakala

Kwa mujibu wa sheria, mlinzi wa maandishi ya mahakama ni karani. Yeye huhudhuria kikao, huandika karatasi ya kikao, hutunza asili za hukumu na majalada, na ndiye anayetoa nakala zilizothibitishwa. Hakimu huamua, lakini karani ndiye mwenye ufunguo.

Mwombaji hana budi kwanza kuijua namba ya shauri. Mashauri ya madai hupewa namba yenye herufi RC, na ya jinai herufi RP. Katika rufani huongezwa herufi A. Bila namba hiyo karani hulazimika kutafuta kwa jina na mwaka, kazi ambayo katika ofisi yenye madaftari ya mkono huchukua siku nyingi. Pili, mwombaji au wakili wake huandika barua kwa karani mkuu akitaja namba, majina ya pande zote mbili, tarehe ya hukumu, na aina ya nakala anayoihitaji. Tatu, hulipa ada, naye hudai stakabadhi. Asiye na uwezo anaweza kuomba kwa mkuu wa mahakama aondolewe malipo kwa sababu ya ufukara. Mwisho, nakala huandikwa, hulinganishwa na asili yake, na kupigwa muhuri.

Aina ya nakala si jambo dogo. Nakala yenye amri ya utekelezaji hupewa aliyeshinda ili hukumu yake itekelezwe. Nakala ya kawaida hutumika kwa rufani na kwa kumbukumbu. Dondoo ya karatasi ya kikao huonyesha yaliyotokea siku fulani. Anayeomba hukumu peke yake hapati maneno ya mashahidi ila kama hakimu alivyoyafupisha. Anayetaka kujua shahidi aliandikwa vipi hana budi kutaja karatasi ya kikao waziwazi katika barua yake.

Baada ya hayo kuna saa. Katika jinai, rufani hukatwa katika muda wa siku 10. Katika madai, siku 30. Mshitakiwa huweza kutangaza rufani yake kwa karani hata kabla ya kuiona hukumu iliyoandikwa, na kwa kuwa siku ni chache, mara nyingi hana njia nyingine: anapinga maandishi ambayo hajayasoma. Katika madai mambo yamegeuka. Huko mkata rufani hutakiwa kuwasilisha nakala rasmi ya hukumu anayoipinga, na rufani isiyo na nakala hiyo huweza kukataliwa bila kusikilizwa. Hivyo karatasi inayoonekana kuwa ya ofisi tu huwa ndiyo mlango wa mahakama ya juu. Mkulima wa vijiji vya Fungurume asiyekuwa na nauli ya kurudi mjini mara tatu huweza kupoteza shamba si kwa sababu hana haki, bali kwa sababu nakala haikuwa tayari.

6. Kinachopotea kati ya mdomo na kalamu

Tuseme nakala imepatikana. Je, ni kumbukumbu ya nini? Hapa swali la sheria linakuwa swali la isimu.

Kiswahili cha Katanga kimechunguzwa kwa muda mrefu. Edgar Polomé, aliyefundisha Elisabethville, alikieleza katika makala ya mwaka 1968. Johannes Fabian alichunguza historia yake katika kitabu cha mwaka 1986. Miongoni mwa sifa zake ni kiambishi -ak- mwishoni mwa kitenzi, kinachoonyesha mazoea au jambo la zamani. Shahidi anayesema "tulilimaka pale" hasemi tu kwamba walilima. Anasema walikuwa wakilima, kwa muda, kama desturi yao. Karani mwenye haraka akiandika kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya tendo lililofanyika likaisha, desturi ya miaka imekuwa kazi ya msimu mmoja. Katika shauri la fidia, tofauti hiyo ndiyo shauri lenyewe.

Chukua pia neno "baba". Katika usemi wa ukoo, ndugu wa kiume wa baba naye ni baba, mkubwa au mdogo, na shahidi hana sababu ya kubagua kila mara anapotaja. Kifaransa kikiandika neno la mzazi peke yake, shahidi wa kwanza aliyesema baba amefariki na shahidi wa pili aliyesema baba yu hai wataonekana wanapingana, na mmoja wao ataitwa mwongo. Au kitenzi "kupa". Anayesema "chifu alinipa lupango" amesema amepewa kiwanja, lakini hajasema kama ni cha kutumia, cha kumiliki, au cha kukaa hadi atakapohama. Mwandishi analazimika kuchagua, na chaguo lake ndilo litakalosomwa katika rufani.

Makosa hayo hayahitaji nia mbaya. Karani huyohuyo husikiliza, hufupisha, hutafsiri na kuandika kwa mkono, shahidi akiwa bado anasema. Hati za mahojiano humalizika kwa maneno ya desturi kwamba mhusika amesomewa, ameyashikilia maneno yake na ametia sahihi. Swali ambalo maneno hayo hayalijibu ni hili: amesomewa kwa lugha gani? Ikiwa amesomewa Kifaransa asichokijua, sahihi yake inashuhudia kwamba alikuwapo, wala haishuhudii kwamba alikubali.

Wala haiwezi kusemwa kwamba Kiswahili cha Katanga hakiandikiki. Mwaka 1965 jumuiya ya watumishi wa nyumbani wa Elisabethville ilipata historia yake iliyoandikwa kwa Kiswahili na André Yav, ambayo Fabian aliichapisha tena mwaka 1990. Mwaka 1981 Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha maigizo ya kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, wakiandika usemi wa waigizaji kama ulivyotoka vinywani mwao. Kwa hiyo mchekeshaji aliyeigiza mume mlevi mbele ya hadhira alihifadhiwa neno kwa neno, na mume wa kweli aliyesimama mbele ya hakimu alihifadhiwa kwa muhtasari wa lugha nyingine.

7. Mfano wa Tanzania

Ulinganisho na Tanzania unasaidia kuona kwamba mambo yangeweza kwenda vingine. Sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka 1963 iliunganisha mahakama za wenyeji na mfumo wa jumla, na katika mahakama za mwanzo Kiswahili kikawa lugha ya kusikilizia na ya kuandikia. Sheria ya mwaka 1984 ilithibitisha hivyo. Istilahi zilitafutwa mapema: A. B. Weston alitoa orodha ya istilahi za sheria mwaka 1968. Katika mahakama za juu, hata hivyo, Kiingereza kilibaki kuwa lugha ya kumbukumbu, hadi marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Tanzania haikuondokana na matatizo yote. Hakimu wa mahakama ya mwanzo naye huandika kwa mkono, naye hufupisha. Lakini mdai anayepokea nakala ya mwenendo huweza kuisoma, au kusomewa na mwanawe wa shule, na kugundua mahali maneno yake yalipopindishwa. Aidha, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaka hakimu amjulishe shahidi kwamba ana haki ya kusomewa ushahidi wake, na kuandika maoni atakayoyatoa. Na sheria ya ukomo wa muda ya mwaka 1971 inaruhusu siku zinazohitajika kupata nakala ya hukumu zisihesabiwe katika muda wa rufani. Vifungu hivyo viwili havikugharimu majengo wala mashine. Kimoja kinarudisha neno kwa msemaji, cha pili kinamlinda asiadhibiwe kwa ucheleweshaji wa ofisi.

8. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha mwendo wa karibu miaka 100. Kumbukumbu ilitoka katika vichwa vya wazee, ikaingia katika daftari la msimamizi, kisha katika jalada la karani. Kila hatua iliongeza udumifu wake. Kila hatua vilevile iliisogeza mbali na mtu anayehusika, kwa lugha, kwa ada na kwa muda.

Kubadili lugha rasmi ya mahakama ni jambo la bunge na la miaka. Lakini yapo madogo yanayowezekana ndani ya sheria zilizopo. Karani anaweza kuandika kwa Kiswahili, ndani ya alama za kunukuu, yale maneno machache yanayobeba shauri: ungamo, ahadi, jina la ukoo, kitenzi cha kupewa au kuuziwa, kisha aweke tafsiri kando yake. Kabla ya sahihi, karatasi isomwe kwa lugha ya msemaji, na itajwe ni lugha gani. Vyuo vikuu vya Lubumbashi na Kolwezi vinaweza kuandaa orodha ya istilahi na mafunzo mafupi ya uandishi kwa makarani na wakalimani, kazi ambayo wanaisimu wana ujuzi nayo kuliko wanasheria.

Yakifanyika hayo, anayeomba nakala Fungurume atakuwa bado na barua ya kuandika, ada ya kulipa na safari ya kwenda. Lakini karatasi atakayorudi nayo nyumbani itaweza kusomwa mbele ya wale waliokuwapo, nao wataweza kusema kama ndivyo ilivyokuwa au sivyo.